Kupanda Mti wa Mizinga kwa Usalama: Somo la Kani na Msuguano kutoka Misitu ya Tabora

Katika misitu ya miyombo inayoizunguka Tabora, kuanzia Uyui na Sikonge hadi Urambo, msafiri mwenye kuinua macho huona magogo yaliyolazwa au kuning'inizwa juu ya matawi. Magogo hayo ni mizinga ya nyuki. Gogo hupasuliwa, hutobolewa ndani, kisha hufungwa tena. Mingine hutengenezwa kwa gome zima lililobanduliwa mtini. Lugha yetu inaita kwa jina hilohilo la mzinga ile silaha kubwa itoayo mshindo, na aliyewahi kuviona vyote viwili hatauliza sababu.

Mizinga hutundikwa juu kwa hoja nzuri. Chini kuna nyegere, mnyama ambaye hupasua mzinga kwa kucha bila kujali kuumwa, kuna siafu, kuna moto wa msituni wakati wa kiangazi, na wapo pia binadamu warinao wasichokitundika. Kwa hiyo mzinga hupelekwa meta tano, nane, pengine kumi juu ya ardhi, na mwenyewe hana budi kupanda mara mbili au zaidi: kwanza kuutundika, kisha kurina. Makala haya yanahusu kupanda huko. Yanakusudia kumwonyesha mwanafunzi wa sekondari kwamba kanuni za kani, msuguano na nishati, ambazo huzisoma kwa mifano ya vibao vitelezavyo juu ya meza, ndizo zinazoamua kama mrina asali atarudi nyumbani kwa miguu yake au atabebwa.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, ilikata katikati ya misitu hii. Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Waliobeba mizigo ya wasafiri na wafanyabiashara hao wengi wao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani takribani kilo 32. Mtu aliyekulia katika misitu hii alijua kubandua gome, kulichuna ufumwele wa ndani na kuusokota uwe kamba. Kamba ya namna hiyo ilifaa kufunga mzigo na ilifaa kupandisha mzinga. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo wa kichwani ulikwisha, lakini mzinga ulibaki mtini. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje tangu enzi za Wajerumani, na baada ya Uhuru wafuga nyuki wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika, chenye kiwanda cha asali na nta pale Kipalapala.

Mwandishi ana sababu yake binafsi ya kuandika. Nilipokuwa darasa la sita, mjomba wangu alianguka kutoka mti wa mizinga huko nyumbani Sikonge. Alivunjika nyonga, na tangu siku ile hakutembea tena bila mkongojo. Alikuwa mpandaji wa miaka mingi, si mwoga wala mlevi. Alichotusimulia, na ambacho sikukielewa kwa muda mrefu, ni kwamba nyuki walipomvamia aliukumbatia mti kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyoukumbatia ndivyo alivyozidi kuteleza. Inakuwaje mtu aliyeshika zaidi ateleze zaidi? Jibu nililipata katika somo la mizani ya kani, na ndilo tutakaloanza nalo.

Kwa nini anayekumbatia huteleza

Mpandaji wa kawaida hutumia kitanzi kipana kinachouzunguka mti na kiuno chake. Miguu hukanyaga gome, kiuno huegemea kitanzi, na mwili huwa umeinama kwenda nyuma. Tuseme uzito wake, W, unapita katika kitovu cha uzito kilicho umbali a kutoka usoni mwa mti, na kitanzi kiko kimo h juu ya nyayo. Uzito unataka kumzungusha aanguke kinyumenyume, nyayo zikiwa kama bawaba, kitanzi kinamzuia. Tukichukua momenti kuzunguka nyayo tunapata kwamba kitanzi kinamvuta kuelekea mti kwa kani

T = W × a ÷ h

Kani za mlalo lazima zilingane. Kwa hiyo nyayo nazo zinausukuma mti kwa kani ileile T. Na msuguano, kama mwanafunzi ajuavyo, hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana bali kani inayobana nyuso mbili pamoja. Hapa kuna nyuso za aina mbili zinazobanwa: nyayo juu ya gome upande wa mpandaji, na kamba juu ya gome upande wa pili. Tukichukua kizigeu cha msuguano kuwa 0.6 kwa kila mahali, msuguano mkubwa uwezao kupatikana ni 1.2 × T, na huo lazima usiwe pungufu ya W.

Sasa tupime watu wawili wenye kilo 60, yaani nyutoni 588. Wa kwanza anajiegemeza nyuma kwa kitanzi: a ni meta 0.6 na h ni meta 0.5. Kani T ni nyutoni 706 hivi, na msuguano uwezao kupatikana ni nyutoni 847. Huyu hatelezi, anaweza hata kuachia mikono yote miwili na kufanya kazi. Wa pili ameingiwa na hofu akajisogeza mtini: a imepungua hadi meta 0.3, na kwa kuwa amesimama wima h imepanda hadi meta 0.9. Kani T imeshuka hadi nyutoni 196, na msuguano hauwezi kuzidi nyutoni 235. Zimebaki nyutoni 353, asilimia 60 ya uzito wake, ambazo hazina wa kuzibeba isipokuwa mikono inayobana shina. Misuli ya mikono huchoka upesi, na huku nyuki wanauma.

Hivyo ndivyo ilivyomtokea mjomba. Mwili ulifanya kile ambacho silka ya kila kiumbe aliye juu inamwamuru, na silka ilikosea.

Hesabu hiyohiyo inatuambia jambo la pili. Gome likilowa, kizigeu hushuka. Tuseme kila kimoja kimekuwa 0.3: hata yule anayejiegemeza vizuri atapata nyutoni 424 tu dhidi ya uzito wa 588. Wazee waliokataza kupanda siku ya mvua hawakuhitaji kuandika mlinganyo, lakini mlinganyo upo upande wao.

Kuanguka

Kutoka kimo cha meta 8 mtu hufika chini kwa muda wa sekunde 1.3 hivi, akiwa na kasi ya meta 12.5 kwa sekunde, sawa na kilometa 45 kwa saa. Nishati yake ni jouli 4,700. Hakuna nafasi ya kufikiri katika sekunde hiyo moja. Yote yaliyofikiriwa lazima yawe yamefikiriwa kabla.

Wengi hudhani kwamba aliyejifunga kamba ya usalama amekwisha kuokoka. Inategemea amefunga wapi. Mtu akianguka umbali H kabla kamba haijakaza, kisha kamba ikanyooka na kumsimamisha katika umbali d, kani ya wastani itakayomfikia ni

F = W × (1 + H ÷ d)

Tuseme kamba imefungwa kwenye tawi lililo miguuni, ikiwa imelegea, naye akaanguka meta 1.5 kabla haijakaza. Kamba isiyonyumbuka inamsimamisha katika sentimeta 10. Kani ni 588 × 16, yaani nyutoni 9,400, sawa na kutundikwa gunia la karibu tani moja kiunoni. Tena huo ni wastani tu. Kamba inyumbukayo kama springi hufikisha kilele maradufu ya hapo. Ama kamba itakatika, ama tawi, ama mgongo wa mtu. Kamba hiyohiyo ikifungwa juu ya kichwa na kukazwa, kiasi kwamba anashuka sentimeta 30 tu kabla ya kukamatwa na kusimamishwa katika sentimeta 30 nyingine, wastani ni 588 × 2, nyutoni 1,176. Mti ni uleule, mtu ni yuleyule, na kamba ni ya duka moja. Kani imepungua mara nane kwa sababu ya mahali pa kufungia na ulegevu wa kamba.

Kiunoni peke yake si mahali pema pa kufungia. Anayening'inia kwa kamba ya kiuno hubanwa mbavu na tumbo, na dakika chache zatosha kumzuia kupumua. Kitanzi cha kiuno kiunganishwe na vitanzi viwili vya mapaja, ili uzito ukae kwenye mapaja kama mtu aliyekaa kitini. Na chini pawepo mtu. Aliyening'inia amezimia hana faida na kamba iliyomkamata kama hakuna wa kumteremsha.

Somo kutoka kwenye mlingoti

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uingereza, mwanafunzi mwenzangu alinialika kwenye mashua ndogo ya matanga iliyokuwa Southampton. Kamba moja ilikuwa imenasa juu ya mlingoti, kimo cha meta 12, na kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko wote nikachaguliwa kupanda. Sikuona haja ya kueleza kwamba natoka katika watu wa kupanda miti. Walinikalisha kwenye kiti cha turubai, wakakifunga kwenye jarari, ile kamba ya kutwekea tanga inayopita katika kapi juu kabisa ya mlingoti, wakaanza kunivuta. Lakini kabla ya mguu wangu kuacha sitaha, mwenye mashua alifunga jarari ya pili kwenye vitanzi vya mapaja yangu, ikapita katika kapi lake lenyewe na kushikwa na mtu mwingine. Kamba moja ilikuwa ya kunipandisha, na ya pili ya kunikamata iwapo ya kwanza ingekatika. Alikataa kabisa kuunganisha kamba mbili hizo mahali popote.

Juu nilijifunza vitu viwili. Kwanza, mashua iliyoonekana imetulia ilikuwa ikiyumba nyuzi tano kila upande, na nyuzi tano kwa mlingoti wa meta 12 ni zaidi ya meta moja huku na meta moja kule. Mti wa mizinga nao hutikiswa na upepo kwa namna hiyo, na mwenye mashaka aulize baharia wa Bagamoyo apandaye mlingoti wa jahazi kwa miguu mitupu. Pili, na hili ndilo nililolirudi nalo nyumbani, kuna siri katika kapi.

Walio chini wanapomvuta mtu mwenye uzito W kwa kamba ipitayo katika kapi moja, upande mmoja wa kamba una mkazo W na upande wa pili una mkazo W vilevile. Kapi linavutwa chini na pande zote mbili. Kwa hiyo tawi lililolishika linabeba 2W, si W. Mtu wa kilo 60 aliyejaribu tawi kwa kulining'inia akaona linamhimili bado hajalijaribu vya kutosha: wenzake wakimvuta kwa kapi, tawi litaona kilo 120, bila kuhesabu msuguano na mishtuko. Lakini ajivutapo mwenyewe, kwa kushika upande wa pili wa kamba akiwa amekaa kitini, mambo hubadilika. Pande mbili za kamba zote zinamwinua yeye, kila moja ikibeba nusu, na tawi linabeba W tu. Katika kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimeona swali hili likiwashinda wengi waliokuwa na alama nzuri.

Tawi na kamba

Nguvu ya tawi dhidi ya kuvunjika kwa kupindwa hufuata mchemraba wa kipenyo chake. Tawi la sentimeta 8 si pungufu kidogo ya tawi la sentimeta 10. Tukigawa 512 kwa 1,000 tunaona kwamba lina nusu tu ya nguvu yake. Na anayekanyaga nusu meta kutoka shinani hulitesa tawi nusu ya anayekanyaga meta moja. Hayo ni ya tawi bichi na zima. Mwishoni mwa kiangazi miti mingi ya miyombo imepukutika, na tawi lililokufa hufanana sana na tawi lililolala. Mchwa hula ndani wakaacha gome. Ndiyo maana tawi hugongwa kwa mpini kabla ya kukanyagwa, na viungo vitatu kati ya vinne, mikono na miguu, husalia mahali pake wakati kimoja kikitafuta mahali papya.

Kuhusu kamba, kila fundo hupunguza nguvu yake, mara nyingi kwa robo hadi nusu, kwa sababu nyuzi za nje ya pindo huvutwa zaidi kuliko za ndani. Kamba ya magome na ya katani huoza kwa unyevu. Za plastiki haziozi, lakini jua huzila taratibu, hasa zile za polipropilini zenye rangi za kupendeza sokoni, na kamba iliyoanikwa misimu kadhaa juu ya bati hubaki na sura bila nguvu. Kuna hatari nyingine ambayo mafundi wapya hawaifikirii. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 za Selsiasi hivi. Mrina asali wa jadi hupanda na mwenge wa magome unaowaka. Mwenge na kamba ya plastiki katika mkono mmoja ni jambo la kumtia hofu hata asiyejua kemia.

Mwenge wenyewe una kazi yake. Nyuki anapouma hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Kiini chake kikubwa ni isoamili asetati, kemikali inayonuka kama ndizi mbivu. Kila anayeumwa hutiwa alama ya shabaha. Moshi huifunika harufu hiyo, na pia huwafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo asali, wakawa wazito na wapole zaidi. Lakini moshi si mwale wa moto. Bomba la moshi lenye kifuniko latosha, halitupi cheche msituni na haliunguzi kamba. Mavazi ya kujikinga yasihesabiwe kuwa anasa: aliye chini akiumwa hukimbia, aliye juu akiumwa hushtuka, na mshtuko ndio unaoachanisha mkono na tawi.

Kuteremsha mzinga badala ya kupanda na ndoo

Njia iliyo salama kuliko kurinia juu ni kuuteremsha mzinga mzima na kuurina chini. Hapa msuguano, ambao mpaka sasa ulikuwa rafiki wa nyayo, unakuwa pia rafiki wa mikono. Kamba ikizungushwa tawini kwa pembe θ, iliyopimwa kwa radiani, uwiano wa mkazo wa pande zake mbili unaweza kufika

e kwa kipeo cha μθ

ambapo μ ni kizigeu cha msuguano na e ni 2.718. Tuchukue μ kuwa 0.3 na mzinga wa kilo 30, nyutoni 294. Kamba ikipita tu juu ya tawi, nusu mzunguko, uwiano ni 2.57: anayeteremsha hushikilia nyutoni 114. Akiongeza mzunguko mmoja kamili uwiano hupanda hadi 17 hivi, na nyutoni 17 zamtosha, uzito wa chini ya kilo mbili. Mtoto wa shule angeweza kuuteremsha mzinga ule.

Lakini tahadhari, msuguano hauna upendeleo. Wakati wa kuupandisha mzinga juu ya tawi hilohilo, uwiano humgeukia mvutaji: kwa nusu mzunguko tu atahitaji nyutoni 756, zaidi ya uzito wake mwenyewe. Wakati huo ndipo kapi linapohitajika. Kwa hiyo ni kapi la kupandishia na tawi la kuteremshia, na nimeona vijana wenye nguvu wakitokwa jasho bure kwa kuvichanganya.

Wapo watakaouliza, na ni haki yao, kwa nini mtu apande kabisa siku hizi. Mizinga ya kisasa ya masanduku hutundikwa kwa waya kati ya miti kwa kimo cha kifua, na waya uliopakwa grisi huwazuia siafu. Pale inapopatikana, mjadala umekwisha. Lakini sanduku linahitaji mbao na fedha, na gogo linahitaji shoka tu. Kwa hiyo katika misitu ya Tabora mizinga ya magogo bado ni mingi, na vijana bado wanapanda.

Zoezi la darasani

Funga bomba la chuma au mti laini mlalo kati ya madawati mawili mazito. Ndoo yenye lita tano za maji ifungwe upande mmoja wa kamba, na mizani ya springi upande wa pili. Wanafunzi wasome mizani wakati ndoo ikishuka polepole, kwanza kamba ikiwa imepita juu tu, kisha ikiwa na mzunguko mmoja zaidi, na kutokana na masomo hayo wakokotoe μ. Warudie kwa kamba iliyoloweshwa.

Kisha wajibu swali hili kwenye karatasi: mzinga ni wa kilo 40, μ ni 0.25, na anayeteremsha hataki kushikilia zaidi ya nyutoni 50. Je, nusu mzunguko unatosha? Na kama hautoshi, mzunguko mmoja na nusu je? Mwalimu atakuta kwamba pembe inayotakiwa ni radiani 8.2 hivi, nusu mzunguko ni radiani 3.1, na mmoja na nusu ni 9.4.